Kadi za zamani za besiboli hazifi kwa uzee, zinaumwa ugonjwa wa gredi

Agosti 2025 kadi moja ya mwaka 2007-08 yenye saini za Michael Jordan na Kobe Bryant, ambayo ipo moja tu duniani, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 12.9, ikaipiku ile ya mchezaji wa besiboli Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps 1952, iliyokuwa imeshikilia rekodi ya kadi za michezo kwa dola milioni 12.6 tangu Agosti 2022. Basi ule mjadala wa siku zote ukaamka tena: kadi za zamani zimeisha, wazee wanaondoka nazo, vijana wanataka kadi zenye kipande cha jezi ndani yake, nani leo ana habari na mtu aliyecheza besiboli kabla baba yake hajazaliwa. Hebu tutulie kidogo wakuu, maana naona tunagombana kuhusu kitu ambacho sio.

Hoja ya uzee ina ukweli wake na sitaki kuidharau. Waliokuwa wananunua pakiti ya Topps kwa senti 5 miaka ya hamsini sasa wako kwenye sabini na themanini, wengi wanauza au watoto wao wanawauzia, kwahiyo mzigo sokoni unaongezeka, na kadi za wachezaji wa kawaida wa miaka ya sitini hazina wagombea. Lakini hao hao wanaosema bei inafuata kumbukumbu za mtu utotoni wanieleze habari ya Honus Wagner. Jamaa kaacha kucheza 1917, kafariki 1955, kadi yake ya seti ya T206 ilikuwa inawekwa ndani ya pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, hakuna mtu aliye hai aliyewahi kumwona akipiga mpira, na bado Agosti 2022 moja ya kadi hizo iliondoka kwa dola milioni 7.25. Kadi ya Babe Ruth, mchezaji mwingine wa zamani, iliyotolewa na gazeti la Baltimore News 1914 ilifika milioni 7.2 Desemba 2023. Kama ni kumbukumbu za utotoni basi ni za nani?

Tena kwenye usalama wa pesa, kadi za kisasa ndio presha tupu. Chukua mfano unaotuhusu, Hasheem Thabeet wetu wa Dar alichaguliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA ya 2009, Stephen Curry akachaguliwa namba 7, kadi zao za mwaka wa kwanza zimo kwenye seti za msimu uleule, na mtu aliyekuwa anafungua pakiti siku zile kwa kufuata namba za drafti alikuwa na kila sababu ya kumtunza Thabeet na kumpa mdogo wake Curry. Unajua kilichotokea, Curry akawa nyota mkubwa, Thabeet hakufika huko. Mantle yeye hawezi kuumia goti tena, alishamaliza kuumia.

Kwahiyo umri sio tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni gredi, na hapa nitakaa kidogo.

Kwa asiyefuatilia, unatuma kadi yako kwa kampuni, wanaikagua kona, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati, wanaipa namba kuanzia 1 hadi 10, wanaifungia kwenye kasha gumu la plastiki ambalo watu wanaliita slabu, wanakurudishia. PSA ndio mkubwa wao. Na niseme haki, wanaowachukia PSA wanasahau hali ilikuwaje kabla. Kila muuzaji alikuwa anakwambia kadi yake ni kama mpya, wewe uko jimbo lingine unaangalia picha mbovu gazetini, kadi ikifika ina mkunjo katikati, na huyo ni muuzaji mwenye utu, mwingine anakuletea feki kabisa. Ni kama karatasi ya mnada ya magari ya Japani, wewe uko Tabata unaangalia Rav4 iliyoko Yokohama, usipoiona ile 4.5 au 4 au R utaagizaje? Bila namba mtu wa mbali hanunui. Mpaka leo, mtu mgeni akiniuliza anunue Mantle ya 1952 isiyo na slabu namwambia hapana, asijaribu, feki zake ni nyingi na nyingine zimezeeshwa vizuri sana.

Ila sasa tazama namba hizi. Januari 2021 Mantle ya 1952 yenye PSA 9 iliuzwa dola milioni 5.2. Mwaka na nusu baadaye yenye 9.5 ya SGC, kampuni nyingine ya gredi, ikaenda milioni 12.6. Najua soko lilikuwa limesogea katikati hapo, najua kampuni ni mbili tofauti, toa vyote hivyo, bado unabaki na nusu ya gredi inayobeba mamilioni. Na ukishuka chini kabisa, Mantle hiyohiyo yenye 1, imekunjwa, kona zimekuwa duara, inauzwa kwa makumi ya maelfu ya dola. Picha ni ileile, namba 311 nyuma ni ileile, kampuni ni ileile ya Brooklyn. Au chukua Jordan ya kampuni ya Fleer ya 1986, ambayo wengine hawaikubali kuwa ni ya zamani lakini mfano wake ni mzuri: mwanzoni mwa 2021 yenye PSA 10 iliuzwa dola 738,000, wakati yenye 9 haikuwa inafika hata robo ya hapo, na kadi zenye hiyo 10 ni zaidi ya 300, sio kwamba ni adimu kama Wagner. Mwaka uliofuata hiyo 10 ilikuwa inauzwa chini ya 250,000. Tofauti ya 9 na 10 jicho lako na langu hatuioni, tunaambiwa.

Ukishaweka pengo la namna hiyo kati ya namba na namba, umempa mtu sababu ya kushika mkasi.

Kadi ya T206 ni ndogo, upana inchi moja na sehemu 7 za 16, urefu inchi mbili na 5 za 8. Kona zake baada ya miaka mia lazima ziwe zimelainika kidogo. Mtu anaiweka chini ya kisu kikali na rula, ananyoa nusu milimita kila upande, kona zinarudi kuwa kali kama zimetoka kiwandani jana. Kuigundua inabidi upime, kisha uangalie ukingo kwa lenzi ya fundi saa, ukingo wa zamani umepauka na una nyuzinyuzi za karatasi zilizochoka, ukingo mpya unang'aa na umenyooka kupita kiasi. Na hapa ndipo ugumu ulipo, kwasababu viwanda vya zamani vyenyewe vilikuwa vinakata hovyo, kadi halali nyingine ni fupi, nyingine ni pana, kwahiyo mkaguzi mwenye foleni ya maelfu ya kadi anaamua kwa macho.

Na sio hadithi za kufikirika. Kadi ya kwanza kabisa PSA kuipa namba, 1991, ilikuwa Wagner ambayo Wayne Gretzky wa hoki na Bruce McNall, mwenye timu yake, waliinunua mnadani mwaka huohuo kwa dola 451,000. Ikapewa 8. Wakusanyaji wakanong'ona miaka mingi kwamba ile kadi imekatwa, wakaitwa wenye wivu. Ken Kendrick, mmiliki wa timu ya besiboli ya Arizona Diamondbacks, akaja kuinunua 2007 kwa milioni 2.8. Halafu 2013 Bill Mastro, aliyekuwa bwana mkubwa wa minada ya kadi, akakiri mwenyewe kwenye mahakama ya shirikisho kwamba alizinyoa kingo zake, na 2015 akahukumiwa miezi 20 jela, kwa udanganyifu wa minadani. Yaani jiwe la msingi la biashara nzima ya gredi ni kadi iliyokatwa.

Mwaka 2019 ikawa balaa zaidi. Wakusanyaji wa kawaida, watu wenye kazi zao nyingine, walianza kulinganisha picha za minada ya zamani na za minada mipya, wanafuata doa dogo la wino hapa, alama ya uchapishaji pale, kama mtu anavyofuata alama za vidole, wakakuta kadi ileile iliyouzwa zamani ikiwa na kona zimechoka sasa iko sokoni na gredi ya juu na imepungua upana. Walipata mamia. Sasa mimi swali langu ni hili, na sijawahi kupata jibu la kuniridhisha: kama slabu ililetwa kumlinda mnunuzi dhidi ya mdanganyifu, na ikawa yenyewe ndio imemlipa mdanganyifu vizuri zaidi kuliko zamani, tumepata nini? Zamani kunyoa kona kulikupa faida ya dola tano, nani atahangaika. Leo kunakupa nyumba.

Jibu la watu wa gredi ni kwamba wizi upo kila soko lenye pesa na suluhisho ni ukaguzi bora zaidi, mashine, picha za kila kadi zihifadhiwe ili zilinganishwe. Ni jibu la maana na sehemu yake linafanya kazi, hata wale wapelelezi wa 2019 wasingefika popote bila kumbukumbu za picha za minada. Ila linaacha pengo la bei palepale lilipo.

Ndio maana nasema wazee wa kadi zilizochakaa wamechekwa sana bila haki. Unawajua, wale wanaopita kwenye meza za maonyesho wanauliza boksi la chini, anatoka na T206 ya mchezaji wa Cleveland asiyejulikana, ina tundu la pini juu, nyuma tangazo la sigara za Piedmont limefifia nusu, amelipa bei ya chakula cha jioni na anafurahi kama mtoto. Watu wanasema huyo hajui uwekezaji. Lakini angalia, hakuna anayenyoa kadi yenye tundu la pini. Hakuna anayeitengenezea kona. Ubovu wake ndio unaothibitisha kwamba haijaguswa, na bei yake haijategemea namba ya mtu mwingine bali kwamba kitu kipo na ni cha kweli. Mwaka 2021 nusu ya kadi ya Wagner, nasema nusu, imechanwa, iliuzwa karibu dola 476,000. Kwenye kadi za kisasa kitu hicho hakipo, kadi ya kisasa ikichanika ni takataka.

Na hawa wazee ndio wako karibu na asili ya hobi kuliko wengine wote. Jefferson Burdick wa Syracuse, New York, ndiye aliyezipanga kadi za Marekani na kuzipa majina ya katalogi tunayotumia mpaka leo, hiyo T ya T206 ni yake, T ya tumbaku. Alikuwa na ugonjwa wa viungo unaomtesa mikono. Alitoa zaidi ya vipande 300,000 kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, zikiwemo kadi za besiboli kama 30,000, akamaliza kuzipanga Januari 1963 na akafariki miezi miwili baadaye. Alizipangaje? Alizibandika kwa gundi kwenye albamu. Baba wa hobi, mkusanyiko wa kihistoria kuliko yote, ukiupeleka kwenye gredi leo utarudishiwa namba 1 nyingi sana.

Sio kwamba kambi hii haina kasoro. Kuna kujidai kwingi, kuna wanaosema hawajali bei halafu wanajua bei ya kila kitu, na wengi wao walinunua wakati vitu viko chee, rahisi kuhubiri kupenda vitu kwa ajili ya uzuri wake ukiwa na Mantle uliyoipata kwa dola 200. Pia pesa za slabu ndizo zilizofanya familia nyingi zifungue maboksi ya darini badala ya kuyatupa. Ile hazina ya kadi kama 700 za mwaka 1910 iliyopatikana darini Ohio 2012, bila taarifa za bei kubwa magazetini ingeweza kuishia jalalani. Hilo nawapa.

Kinachonipa wasiwasi zaidi sasa ni kwamba tangu Februari 2024 kampuni inayomiliki PSA ndiyo inayomiliki na SGC, ambayo watu wa kadi za zamani wengi waliikimbilia kama mbadala, na ndiyo iliyotoa ile 9.5 ya Mantle. Ukipingana na mkaguzi mmoja unakwenda kwa ndugu yake wa tumbo moja.

Upande wa bei, mimi siangalii Mantle wala Wagner, hao watapata wateja tu. Naangalia kadi kama ya mdakaji wa akiba wa Topps 1961, mtu hata mashabiki wa timu yake hawamkumbuki, yenye PSA 9, ambayo imekuwa ikiuzwa kwa mamia na wakati mwingine maelfu ya dola kwasababu tu kwenye orodha ya mashindano ya seti ya PSA, inayowapanga wenye seti kwa gredi za kadi zao, kuna wazee wawili watatu wanagombania nafasi ya kwanza na kadi zenye 9 ni chache. Kadi hiyohiyo yenye 4 unaipata kwa dola mbili. Wale wagombea wakichoka, au warithi wao wakiamua kuuza mwezi mmoja, kadi ya dola mbili itabaki dola mbili.