Kihispania kwanza, Kilatini baadaye: mtaala kwa mtoto anayesomea nyumbani Tanga

Wazazi wa Tanga wanaosomesha watoto nyumbani, pamoja na wale wanaoongeza somo la lugha jioni baada ya shule, wakitafuta mtaala huanza kwa kuuliza upi unasifiwa Marekani. Swali hilo linapoteza watu. Mitaala karibu yote ya Kilatini na Kihispania inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani imeandikiwa mtoto anayefikiri kwa Kiingereza. Inatumia wiki nzima kufafanua jambo ambalo mtoto wa Ngamiani hapa Tanga analo tangu alipojifunza kusema, halafu inapita mbio palepale atakapokwama. Mimi naona hicho ndicho kipimo cha kwanza, kabla ya bei na kabla ya picha za rangi.

Chukua matamshi. Kihispania kina irabu tano, nazo husomwa kama zetu. Ñ ni "ny" ya nyanya. J inakaribia "kh" ya kheri. D ikikaa kati ya irabu hulainika ikawa kama "dh", g nayo huelekea "gh", na z ya Hispania ni "th" ya thelathini. Mtoto aliyepitia madrasa ana sauti hizo zote mdomoni. Hata mkazo unafanana: neno linaloishia kwa irabu, n au s hukazwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama tufanyavyo sisi, mengine hukazwa mwishoni, na yanayovunja kanuni huwekewa alama juu ya irabu. Kwa hiyo mtaala wenye masomo sita ya matamshi, yabane yawe wiki moja. Muda utakaobaki utumie kwenye mambo matatu tu: h ambayo haitamkwi kabisa (mtoto wetu ataitamka, kwa sababu Kiswahili hakina herufi ya urembo), que ambayo ni "ke" wala si "kwe", na rr ya perro, mbwa, isichanganywe na r moja ya pero, lakini.

Kwenye sarufi faida ni kubwa zaidi. Kitabu cha Kiingereza kitatumia kurasa nyingi kueleza kwa nini Mhispania husema tiene hambre. Sisi tunasema "ana njaa", basi. Tiene diez años ni "ana miaka kumi", neno kwa neno. Es na está, zinazowatesa Waingereza miaka, kwetu zinaanza na tofauti ya "ni" na "yuko": es maestra, ni mwalimu, está en la escuela, yuko shuleni. Kitakachobaki ni kumwonyesha kwamba está huchukua pia hali za kupita, kama está cansada, amechoka. Halafu kuna ile sura ya kitenzi ambayo mitaala huiahirisha hadi mwaka wa tatu kwa kuiogopa. "Nataka aseme" ni quiero que hable. Kama vile sema inavyogeuka aseme, habla inageuka hable. Vitenzi vya -er na -ir huenda kinyume, come ikawa coma, lakini mtoto akishaelewa wazo lenyewe, umbo halimsumbui. Mfundishe mapema, hata kama kitabu kinasema subiri.

Atakwama wapi basi? Kwanza ni el, la, los, las, vijineno vinavyotangulia nomino na kuonyesha jinsia yake. Kiswahili hakina vijineno hivyo, na mtoto ataandika niño come manzana (mtoto anakula tufaha) bila kuona kasoro. Mtaala unaofundisha nomino bila kijineno chake, mesa badala ya la mesa, usinunue. Baadaye atalazimika kukariri jinsia ya kila neno upya. Pili, mtendaji kwetu hukaa mwanzo wa kitenzi (nasema, unasema, anasema) na kwao hukaa mwisho (hablo, hablas, habla). Vitabu vya Kiingereza huongeza yo na tú mbele ya kila kitenzi, mtoto akazoea kuzitegemea na kuacha kusikiliza mwisho wa neno. Zifute kwa penseli. Tatu ni nyakati mbili zilizopita, comió na comía. Tunazo, alikula na alikuwa akila, ila watoto hutumia -li- kwa vyote. Hapa nenda polepole, hata mwezi mzima.

Kabla ya kulipa, pakua sura za mfano. Wachapishaji wengi huziweka bure. Tafuta majibu ya mazoezi, kwa sababu mzazi asiyejua lugha hawezi kusahihisha kwa kubahatisha. Tafuta sauti za wazungumzaji wenyewe zinazoweza kupakuliwa mara moja na kuhifadhiwa, maana mtaala wa video mtupu utakula bando na kufa umeme ukikatika. Kisha chagua maneno kumi ya somo la pili na uangalie kama yanarudi somo la nne na la sita. Yasiporudi, hicho ni kitabu cha orodha. Mtoto wa miaka minane hadi kumi humudu maneno mapya manane hadi kumi na mawili kwa wiki; sura inayomwaga arobaini kwa mpigo ilikusudiwa mtu mwingine. Kando ya kila orodha ongeza safu ya Kiswahili kwa mkono. Programu za mchezo za simu zinafaa kwa marudio, si zaidi ya hapo.

Kilatini kingoje mpaka miaka kumi hivi, baada ya mwaka mmoja au miwili ya Kihispania. Usianzishe vyote viwili mwaka mmoja. Sababu ni kwamba Kilatini huweka mzigo wote mwishoni mwa neno: makundi matano ya nomino, na kila nomino ina miisho kwa matumizi sita. Mpe mtoto sentensi agricolam puella videt, atasema mkulima anamwona msichana. Ni kinyume: ile -m ya agricolam inamwonyesha anayeonwa. Kiswahili kimemzoesha kutegemea mpangilio wa maneno, basi anakisia. Dawa ni amri moja: kabla ya kutafsiri, pigia mstari mwisho wa kitenzi na kila neno lenye -m. Asiyepiga mstari hatafsiri.

Kwa mtoto wetu napendelea Familia Romana ya Hans Ørberg, sura 35 zilizoandikwa kwa Kilatini kitupu, kwa kuwa hakipitii Kiingereza. Gharama yake ni kwamba mzazi lazima awe sura moja mbele. Kitabu cha Wheelock kiacheni, ni cha chuo kikuu. Amueni pia matamshi mapema: jina la Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, ni "Kikero" kwa matamshi ya kale na "Chichero" kwa ya Kanisa. Familia yenye mwanakwaya wa Kikatoliki ifuate ya Kanisa, mradi sauti za mtaala zilingane nayo.

Zoezi bora la Kilatini hapa Tanga halina gharama. Andika majina ya kitaalamu ya miti: Mangifera indica, mwembe, na Syzygium aromaticum, mkarafuu. Mtoto anayejua ngeli ataona upatanisho mara moja, -a kwa -a, -um kwa -um. Kisha mpe Tamarindus indica, mkwaju, umwache alalamike. Mwisho ni -us, mbona kivumishi ni cha kike? Kwa sababu kwa Kilatini majina ya miti kwa kawaida ni ya kike, hata yakiishia -us, kama kwetu miti inavyokusanyika kwenye M-/MI-. Na tunda huhama ngeli: mtufaha na tufaha ni malus na malum, na Kihispania nacho kina naranjo na naranja, mchungwa na chungwa, mfano ambao mtoto wa Muheza, penye michungwa mingi, hausahau. Mkonge nao, Agave sisalana, ulioletwa 1893 na Richard Hindorf, umebeba jina la Sisal, bandari ya Yucatán huko Meksiko. Somo moja, lugha mbili.

Ratiba iwe dakika 25 kwa siku, siku tano. Saa mbili za Jumamosi hazisaidii, maneno yamekwisha kupotea ifikapo Jumatano. Mnaolenga Cambridge IGCSE, mtihani wa kimataifa wa sekondari, mkumbuke kwamba Kihispania kina sehemu ya kuzungumza na ya kusikiliza, Kilatini ni cha kuandika tu. Kwa hiyo cha kwanza kinahitaji mtu wa kuongea naye, angalau kwa simu, kuanzia mwaka wa pili. Na mtoto akigoma karibu na wiki ya kumi, msikimbilie mtaala mwingine. Rudini sura mbili nyuma, msome kwa sauti bila kuandika chochote kwa wiki moja, ndipo muendelee.