Viashiria vya Uchumi: Vinamfaa Vipi Mwenye Akiba Ndogo Kisumu?

Februari 2024 habari zilezile ziliwafikia Wakenya wote. Mwezi mmoja kabla, dola ilikuwa imegonga karibu shilingi 160. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa imetoka kupandisha riba yake ya msingi, ile inayoongoza riba nyingine nchini, kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Deni la nje la dola bilioni 2, lililokopwa mwaka 2014, lilipaswa kulipwa Juni, na wengi walihofia serikali ingeshindwa. Hapa Kisumu, kama kwingineko, aliyekuwa na akiba alishawishika kuigeuza dola kabla shilingi haijazama zaidi. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikiuza hatifungani, yaani mkopo ambao mwananchi anaipa serikali, ya miundombinu na ya miaka minane na nusu, yenye riba ya asilimia 18.46 isiyotozwa kodi.

Tuchukue nusu milioni. Aliyenunua dola kwa 160 alipata dola 3,125. Katikati ya Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 ili kupunguza deni lile la zamani, hofu ikapungua, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa karibu shilingi 130. Baadaye ikatulia kwenye 129, na zile dola 3,125 zikawa na thamani ya takriban shilingi 403,000. Aliyechukua hatifungani alianza kupokea zaidi ya shilingi 46,000 kila miezi sita, bila kugusa mtaji.

Wote wawili walisoma namba zilezile. Wa kwanza alijiuliza shilingi itakuwa wapi kesho. Wa pili alijiuliza: nikiikopesha serikali leo, nikiondoa kodi na kupanda kwa bei, nabaki na nini? Mfumuko wa bei Januari ulikuwa asilimia 6.9, kwa hiyo alibaki na zaidi ya pointi 11 juu yake. Hakuwa salama kabisa. Serikali ingekwama, naye angeumia. Lakini alilipwa vizuri kuibeba hatari hiyo, ilhali mwenzake alilipa bei ya juu kabisa kuikimbia. Ndiyo maana sikubaliani na ile ahadi inayorudiwa katika semina za uwekezaji, kwamba ukisoma viashiria utaona uchumi unakoelekea. Mtu wa kawaida anafaidika navyo pale anapovitumia kupima malipo anayopewa leo. Akivifanya ramli, vinamwumiza.

Wapo wanaosema hata kipimo hicho hakimfai mwananchi, na hoja zao ni nzito kuliko zinavyosikilizwa. Mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwisho wa mwezi na Shirika la Taifa la Takwimu, KNBS, ni wastani wa nchi nzima. Katika kapu lake la bidhaa na huduma zinazopimwa bei, chakula kinachukua takriban theluthi moja. Fundi wa mtaa wa Nyalenda ambaye zaidi ya nusu ya pato lake inaishia kwenye unga, omena na nauli ana mfumuko wake mwenyewe, na huenda ukawa mkali kuliko ule wa taifa. Isitoshe, Oktoba 2022 kiwango kilikuwa asilimia 9.6, na Oktoba 2024 kikawa 2.7. Wanunuzi wa soko la Kibuye walipoambiwa mfumuko umeshuka waliitazama gorogoro ya mahindi wakashangaa, kwa sababu kushuka kwa mfumuko maana yake ni kwamba bei zinapanda polepole zaidi. Zile zilizokwisha kupanda hazirudi kwa sababu hiyo. Mwekezaji afanye hesabu kwa kapu la nyumbani kwake: mwaka jana mwezi kama huu tulitumia kiasi gani, na mwaka huu?

Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote ambavyo nchi inazalisha kwa mwaka, nalo linasifiwa kupita kiasi. Mwaka 2021 uchumi wa Kenya ulikua kwa zaidi ya asilimia 7, na mwaka 2023 kwa zaidi ya asilimia 5. Katika kipindi hichohicho hisa ya Safaricom ilitoka zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021 hadi chini ya 15 mwishoni mwa 2023. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa Washington: Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri mapema 2022 hadi zaidi ya asilimia 5 mwaka 2023, na wawekezaji wa kigeni wakauza hisa za Nairobi kurudisha fedha zao kwao. Aliyetegemea ukuaji wa uchumi kuchagua hisa alikuwa anatazama dirisha lisilo lake.

Kinachobaki mkononi mwangu, na ninakitetea bila kusita, ni riba. Kuanzia Agosti 2024 Benki Kuu ilishusha riba yake ya msingi hatua kwa hatua, kutoka asilimia 13 hadi 9 kufikia Desemba 2025. Hati za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zilizokuwa zikilipa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zilishuka hadi karibu 8 katika mwaka 2025. Ukitoa kodi ya asilimia 15 unabaki na kama 6.8, wakati mfumuko ulikuwa kati ya 3 na 5. Mifuko ya soko la fedha, ile wengi wanayoiita MMF, hununua hati hizohizo, kwa hiyo faida yake nayo ikapungua. Chama cha akiba kilichoweka kila kitu kwenye muda mfupi kiliona mapato yakikatwa karibu nusu, na tangazo la Benki Kuu lilikuwa likitoka kila baada ya miezi miwili hivi, wazi kwa kila mtu.

Hata hivyo kufunga fedha kwa miaka mingi kuna gharama ambayo wauzaji wa hatifungani huipitia haraka. Ukihitaji karo Januari na riba sokoni zimepanda, hatifungani yako ya zamani itanunuliwa kwa bei ya chini, maana mnunuzi anaweza kupata mpya inayolipa zaidi. Kwa chama ambacho wanachama wake huomba fedha matanga yanapotokea, muda mfupi wenye faida ndogo ni uamuzi sahihi, hata viashiria vikionyesha kwamba muda mrefu unalipa vizuri.

Kwa anayetaka kukopa ili anunue kiwanja Mamboleo au ajenge nyumba za kupangisha Riat, tahadhari ni nyingine. Riba ya Benki Kuu ikishuka, ya benki yako haishuki siku hiyo. Riba ya mikopo ya benki, kwa wastani, ilitoka zaidi ya asilimia 17 mwishoni mwa 2024 hadi karibu 15 mwaka mmoja baadaye, ilhali riba ya msingi kufikia wakati huo ilikuwa imepoteza pointi nne tangu Agosti 2024. Kodi ya wapangaji ya mwaka mzima uigawanye kwa gharama ya kiwanja na ujenzi, uondoe miezi ambayo vyumba vitakaa vitupu, kisha ulinganishe na riba iliyoandikwa kwenye mkataba wako.

Kuna jambo ambalo viashiria vya taifa havigusi kabisa, na huku magharibi tumelilipia. Kampuni ya sukari ya Mumias Sugar iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2001, na wakulima wa miwa walikuwa miongoni mwa walionunua. Mwaka 2019 kampuni iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa niaba ya wadai, baada ya miaka kadhaa ambayo Pato la Taifa lilikuwa likikua kwa karibu asilimia 5. Mkulima aliyekuwa na hisa hizo alikuwa anasubiri malipo ya miwa kutoka kwa kampuni ileile iliyoshika akiba yake, na vyote vikakwama pamoja. Kwa hiyo familia ya Muhoroni au Chemelil inayoishi kwa miwa, kabla ya kuuliza riba ni ngapi, iulize fedha hii inategemea nini ili ilipwe. Kama jibu ni sukari tena, iipeleke kwingine: kwenye Sacco yenye wanachama wa kazi tofauti, au kwenye hatifungani, ambayo kwa kawaida huanzia shilingi 50,000.