Kati ya tuta na bwawa kubwa: Ukambani iwekeze wapi?

Kwenye vikao vya bajeti vya kaunti za Machakos na Makueni, katika Ukambani, nchi ya Wakamba mashariki mwa Kenya, hoja mbili hugongana mwaka baada ya mwaka. Ya kwanza husema hivi: tumechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko milimani tangu enzi za mkoloni, migongo imepinda, na ikifika Septemba bado tunapanga foleni mtoni na punda wetu, sasa tuleteeni bwawa kubwa na mabomba. Hoja ya pili husemwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na akina mama wa mwethya, vile vikundi vya kusaidiana kazi. Wao huomba mifuko ya saruji, sururu, na afisa wa kilimo aje kuwapimia mitaro ya matuta.

Hoja ya kwanza hupigiwa makofi, na sababu yake inaeleweka. Bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza 2018 pale mito ya Athi na Thwake inapokutana, limepangwa kuwa na ukuta wa mita 80 hivi na kushika maji ya mita za ujazo zaidi ya milioni 680. Hakuna idadi ya matuta inayoweza kupeleka maji ya bomba katika mji wa Wote, makao makuu ya Makueni, au kuendesha mitambo ya umeme. Mji unaokua hauwezi kuishi kwa visima vya mchangani. Anayetaka bwawa kubwa si mjinga wala si mvivu. Amechoka, na ana haki ya kuchoka.

Lakini hoja yake husimama juu ya dhana moja ambayo naona ni kosa: kwamba tuta ni jambo la udongo na bwawa ni jambo la maji, kwa hiyo aliye na kiu anapaswa kuchagua bwawa. Tuta nalo ni chombo cha maji. Na ukilipima kwa kipimo cha mtungi, ambacho ndicho kipimo cha kweli cha Ukambani, utashangaa.

Chukua eka moja ya shamba kwenye mteremko wa Kalama au Mbooni. Inyeshe mvua moja nzuri ya Novemba, milimita 40 alasiri moja. Milimita moja ikianguka kwenye eka moja ni lita 4,000 na kidogo. Basi mvua ile moja imeangusha kwenye eka ile lita 160,000 hivi. Zigawe kwa mtungi wa lita 20: ni mitungi zaidi ya 8,000. Sasa tuseme shamba halina matuta, na theluthi moja tu ya maji hayo inateremka korongoni badala ya kuzama. Mitungi 2,700 imekwenda kwa alasiri moja, tena imekwenda na udongo wa juu, ule mweusi uliokula samadi ya miaka. Punda mmoja hubeba mitungi minne. Mama mwenye shamba angehitaji safari 675 za mtoni kurudisha maji yaliyompita mlangoni akiwa amesimama barazani anayatazama. Hiyo ni mvua moja, na eka moja.

Naisisitiza hesabu hii kwa sababu ndiyo inayokosekana katika vikao. Kisima cha mashine kikichimbwa, watu huuliza kinatoa lita ngapi kwa saa. Silanga, yaani bwawa dogo la udongo, likichimbwa, watu huuliza litashika maji hadi mwezi gani. Tuta haliulizwi swali kama hilo. Huorodheshwa chini ya kilimo, kwa mita zilizochimbwa, kana kwamba kazi yake ni kupamba mlima. Maji linayoshika hayaonekani kwa sababu yameingia ardhini. Yataonekana Januari, mahindi ya jirani yakiwa yamejikunja na ya kwake yakimalizia kujaza punje, au kwenye mbaazi zinazosubiri Julai. Katika nchi ambako mvua za vuli zinaweza kukatika wiki mbili kabla ya wakati, wiki mbili za unyevu ni tofauti ya gunia na pumba.

Wataalamu wa dunia walilitambua tuta hili hata wakalichukua na jina lake. Ni la fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa mlima, sentimita 60 hivi kwenda chini, na udongo unautupa upande wa juu, si wa chini. Ukingo unapandwa nyasi, na kila mvua inasukuma udongo hadi kwenye ukingo huo, mpaka baada ya miaka kadhaa mteremko wenyewe unajipanga kuwa ngazi. Maneno hayo mawili ya Kiswahili yamo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Ni teknolojia chache za Afrika Mashariki zilizopata heshima hiyo.

Historia nayo hutumiwa vibaya katika mjadala huu. Wazee wanakumbuka kazi ya kulazimishwa, na ni kweli ilikuwepo. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilichukua ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu ikidai kwamba mifugo ndiyo inayoharibu ardhi, Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akaongoza watu hadi Nairobi, na mwisho wake alipelekwa uhamishoni Lamu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia matuta yalichimbwa kwa amri, na waliotoka jasho wengi walikuwa wanawake. Upinzani haukuwa wa Ukambani peke yake: Murang'a waligoma 1947, na Waluguru wa Morogoro 1955. Kwa hiyo wapo wanaosema tuta ni alama ya dhuluma.

Wasichokumbuka ni kilichofuata. Matuta mengi yaliyochimbwa kwa amri yalikuwa membamba, hayakutunzwa, yakabomoka. Lakini watu walipoona faida, hasa baada ya kuruhusiwa kupanda kahawa miaka ya 1950 na kupata soko la mboga na matunda Nairobi, walichimba kwa hiari yao. Baada ya uhuru kazi ilipoa kwa muda, kisha katika miaka ya 1970 ikarudi kwa nguvu, kupitia mwethya zilizochagua viongozi wao na kupanga zamu zao: leo shamba la huyu, kesho la yule. Mlima uliokataa tuta la chifu ulilikubali tuta la jirani. Kwangu hili linaonyesha kwamba watu walikuwa wakikataa kuamrishwa, na anayelilaumu tuta kwa dhambi za mkoloni anamsamehe aliyeshika kiboko.

Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walipochapisha utafiti wao 1994, walipata jambo lililowastua wengi. Wilaya ya zamani ya Machakos, ambayo ilijumuisha Makueni ya leo, ilikuwa na watu 240,000 hivi mwaka 1932. Sensa ya 1989 ilikuta karibu milioni 1.4. Katika miaka ya 1930 maafisa waliitabiria ardhi hiyo kifo. Badala yake mmomonyoko ulipungua, miti ikaongezeka mashambani, na thamani ya mazao kwa kila mtu ikapanda karibu mara tatu. Watu karibu mara sita, na udongo umeshikwa vizuri zaidi.

Takwimu hizi zina wakosoaji, na ukosoaji wao ni wa haki. Kwanza, sehemu ya ongezeko ilitokana na kuhamia ardhi mpya za Yatta na Makueni ambazo mkoloni alikuwa amezifunga. Pili, mtafiti John Murton aliandika 1999 kwamba waliofaidika zaidi ni wenye mishahara ya mjini: fedha za Nairobi ndizo zilizolipa vibarua wa kuchimba, huku maskini wasio na mtoto mjini wakibaki nyuma, na rutuba ya mashamba yao ikishuka. Tatu, tuta linashika udongo lakini haliulishi. Shamba lenye ngazi nzuri lisilopata samadi bado litachoka. Utavuna mabua mafupi kwenye mistari iliyonyooka.

Hoja ya Murton ndiyo inayonisumbua zaidi, kwa kuwa leo ni nzito kuliko ilivyokuwa 1999. Kijana wa Masii aliyeweza kushika sururu sasa anaendesha bodaboda au yuko Nairobi na Mombasa. Kazi imebaki kwa mama wa miaka 60. Kumwambia mama huyo kwamba kuchimba matuta ni utamaduni wake mzuri, halafu fedha zote za kaunti zikaenda kwa makandarasi, ni kumdhulumu mara ya pili. Ikiwa tuta ni miundombinu ya maji, na hesabu ya mitungi inaonyesha kwamba ni hivyo, basi anayelichimba alipwe kama anavyolipwa mfanyakazi wa miundombinu. Miradi ya chakula kwa kazi ilijaribu njia inayofanana na hiyo, lakini ililipa uchimbaji na kusahau utunzaji. Gunia lilipokwisha, kukarabati nako kukaisha, na mtaro uliojaa udongo ni hatari kuliko shamba lisilo na mtaro, kwa kuwa maji hujikusanya mahali pamoja na kupasua.

Tukishuka mtoni, kuna mabwawa ya mchanga. Joshua Mukusya na wenzake wa Utooni, Machakos, walianza kazi yao 1978, na ng'ambo ya pili, Kitui, shirika la SASOL likasaidia jamii kujenga mamia. Ukuta wa saruji na mawe hujengwa kuvuka mto wa msimu, mahali penye mwamba. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe zake. Mchanga mzuri unaweza kushika maji hadi asilimia 40 ya ujazo wake. Jua haliyafikii kirahisi, mbu hawazaliani, ng'ombe hawayakanyagi. Ukuta wenyewe unagharimu sehemu ndogo mno ya gharama ya bwawa kubwa, na wanaoujenga ndio wanaojua kila mwamba wa mto ule.

Yapo mabwawa ya mchanga yaliyokufa. Mengine yalijengwa mahali pasipo na mwamba, maji yakapita chini. Mengine yalijaa matope badala ya mchanga. Na mengine yaliibiwa: malori ya mchanga wa ujenzi huja usiku na kuondoka na hazina ya kijiji. Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga wake mwaka 2015, hatua ambayo kaunti nyingine zingefaa kuiga kwa vitendo na si kwa karatasi.

Lakini tazama kosa lile la matope. Yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mashamba ya juu yasiyo na matuta. Mlima ukishikwa, mto hupungukiwa na tope, na kinachosimama nyuma ya ukuta ni mchanga safi. Mlima ukiachwa, bwawa la mchanga hugeuka kuwa kaburi la udongo wa watu. Na hapa ndipo hoja ya bwawa kubwa inapokutana na hoja ya akina mama. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981 kwenye Mto Tana, lilipokea matope mengi kuliko wahandisi walivyokisia walipolichora. Kila tani iliyotua pale ilikuwa shamba la mtu fulani kabla ya kuwa tatizo la mtambo wa umeme. Mto Thwake hukusanya maji ya vilima vya Machakos na Makueni. Umri wa bwawa jipya utaamuliwa huko juu, na watu ambao hawatapata bomba lake hata moja, kwa kuwa maji hayapandi mlima bila pampu na pampu haziendeshwi bure.

Kwa hiyo siwezi kukubali kwamba hili ni suala la kuchagua kimoja na kuacha kingine, wala siwezi kukubali mgawanyo wa leo, ambapo mabilioni yanakwenda kwenye ukuta mmoja na mlima unaoulisha unaachiwa hisani ya wafadhili na migongo ya wanawake. Ningependa kuona katika bajeti ya kaunti kifungu chenye jina la utunzaji wa matuta, kinacholipwa kwa mwethya mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua za Machi na kabla ya zile za Oktoba, kwa mita zilizokaguliwa na si kwa mita zilizoahidiwa. Ningependa afisa wa kilimo wa wadi awe na pikipiki na mafuta ya kumfikisha Kilungu. Na samadi au mbolea iandamane na kila tuta jipya, ili maskini wa Murton asibaki na ngazi tupu.

Vuli ijayo, mawingu yakikusanyika juu ya Mbooni, kila eka isiyo na tuta itapoteza mitungi yake 2,700 kwa mvua ya kwanza. Vikao vya bajeti vitakuwa vimeshafungwa.