Tatizo si bwawa, ni transfoma ya mtaani

Mdogo wangu wa Ilazo, pale Dodoma, anataka kuagiza gari la umeme, Nissan Leaf iliyotumika, kutoka Japani, na hoja yake ni moja: Bwawa la Mwalimu Nyerere kule Mto Rufiji limekamilika, megawati 2,115, umeme wa kumwaga. Isitoshe, huku Norway ninakoishi, mwaka 2024 karibu magari mapya tisa kati ya kumi yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na taa hazikuzimika. Kwake mjadala umefungwa. Kwangu ndio kwanza unaanza.

Wanorwei hawakuanza na magari. Nyumba zao zinapashwa joto kwa umeme tangu zamani, kwa hiyo nyaya nene zilikuwepo kabla ya wimbi la magari haya. Na hata hivyo hawachaji kiholela. Kwenye gereji ya jengo letu hapa Oslo kila mtu anachomeka akirudi kazini, lakini mtambo ndio unaogawa: jioni watu wakipika, gari linapata kidogo kidogo, majiko yakizimwa, linaongezewa. Asubuhi yote yamejaa. Juu ya hayo, tangu Julai 2022 gharama ya nyaya kwenye bili hupanda kufuatana na saa ulizovuta umeme mwingi kwa mpigo. Mfuko ukiguswa, mtu anajifunza kusubiri usiku.

Ilazo je? Saa moja jioni fundi wa mageti akiwa bado anachomelea, taa ya sebuleni inafifia na stabilaiza ya friji inalia tak, tak. Hapo hakuna hata gari moja. Sasa chukua chaja za ukutani za kilowati 7. Zikiwashwa 14 kwa pamoja, transfoma ya kVA 100, yaani inayobeba kama kilowati 100 hivi, imeshafika ukingoni, na hujahesabu pasi wala pampu ya maji. Umeme wa Rufiji utabaki kwenye nguzo kubwa huko.

Simkatazi lakini. Kwenda Mtumba, kwenye mji wa serikali, na kurudi, na mizunguko ya mjini, tuseme kilomita 40: hizo ni uniti saba au nane. Soketi ya kawaida inazimaliza kwa saa nne hivi, mzigo kama wa birika la umeme. Mtaa unabeba, mradi asichomeke wakati wote wanapika. Ila LUKU ya nyumbani, mita ya kulipia kabla, inamtoza bei ileile saa mbili usiku na saa nane usiku, sasa asubiri kwa faida gani? Mimi ningeanzia hapo: uniti za usiku wa manane zishushwe bei mapema, magari yakiwa bado ya kuhesabika.

Na kama yuko kwenye uniti za shilingi 100, bei ya watumiaji wadogo, asahau. Kikomo ni 75 kwa mwezi, gari peke yake litakula zaidi ya 200, na atahamia bei inayozidi shilingi 350. Bado petroli itashindwa kwa mbali. Ila kabla ya kutuma hela Japani, amwite fundi akague waya wa soketi na ethi, ule waya wa usalama unaoingia ardhini. Zile ekstensheni za dukani, saa nne mfululizo, zinayeyuka.