Chanjo ya Uviko: waliogoma walikuwa na hoja gani?

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichomwa sindano ya Uviko-19 Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera. Siku nne kabla yake Tanzania ilikuwa imepokea dozi 1,058,400 za Janssen, chanjo ya Johnson & Johnson, msaada wa Marekani uliopitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo. Miezi sita nyuma, 27 Januari, mtangulizi wake John Magufuli alikuwa Chato akiwaambia wananchi kwamba chanjo hazifai, na kwamba kama wazungu wangekuwa na uwezo huo wangekwishaleta ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria. Chama kilekile, serikali ileile, na mawaziri wengi walewale.

Mazungumzo kuhusu waliogoma kuchanja huwa yanaanzia kwenye uzushi: eti ukichanjwa sumaku inanasa begani, eti unakufa baada ya miaka miwili, eti nguvu za kiume zinakwisha. Uzushi ulikuwepo, na ulifanya madhara. Lakini kuanzia hapo ni kuwaonea watu. Mkulima wa Kilosa au dereva wa bodaboda wa Temeke hakuhitaji video ya WhatsApp ili apate mashaka. Alikuwa amesikia kwa masikio yake, redioni. Dk. Dorothy Gwajima, Waziri wa Afya wa wakati huo, Februari 2021 alisema hakuna mpango wa kupokea chanjo. Ilipofika Julai yeye huyohuyo ndiye aliyekuwa akihimiza watu wakachanje. Silaumu kubadilika, maana kubadilika ndiko kulikotakiwa. Kilichokosekana ni kiongozi wa kusimama na kueleza ni nini hasa kilikuwa kimebadilika, ugonjwa, chanjo au serikali.

Jirani yangu mmoja ana watoto watatu, na kadi zao za kliniki zimejaa mihuri. Hajawahi kukosa hata chanjo moja ya mtoto, na katika hilo si wa ajabu: kwa miaka mingi Tanzania imekuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye viwango vya juu vya chanjo za watoto. Ya Uviko aliikataa. Alikwenda zahanati, akapanga foleni, akafika mezani, akapewa fomu ya ridhaa aweke sahihi, akairudisha na kuondoka. “Ya surua sikusaini,” aliniambia. “Hii mbona wanataka jina langu?” Kwa daktari, fomu ile ni haki ya mgonjwa: unaelezwa, unakubali, hulazimishwi. Kwa mama aliyewahi kuweka sahihi kwenye mkopo wa kausha damu, karatasi humlinda aliyeileta. Huyu hakuwa amedanganywa na mtu yeyote. Alikuwa anasoma dalili kwa uzoefu alio nao, na uzoefu ule si wa kijinga.

Watetezi wa chanjo, nami nikiwamo, tulikuwa na jibu ambalo hatukulitumia vizuri. Hofu ya damu kuganda haikuwa uzushi. Tarehe 13 Aprili 2021 Marekani yenyewe ilisimamisha kwa muda chanjo ya Johnson & Johnson baada ya wanawake sita, kati ya watu karibu milioni saba waliokwishachanjwa, kupata aina adimu ya damu kuganda. Siku kumi baadaye ikaruhusiwa tena, na Mei 2022 matumizi yake yakabanwa zaidi kwa sababu hiyohiyo. Mtu aliyeuliza “inagandisha damu?” alistahili kuambiwa: ndiyo, mara chache sana, na dalili zake ni hizi, ukiziona wahi hospitali. Mara nyingi aliambiwa aache kusikiliza maneno ya mitandaoni. Upande wa pili wa hesabu nao ulikuwepo. Afrika Kusini ilichanja karibu nusu milioni ya watumishi wa afya kwa dozi moja ya chanjo hiyohiyo, katika utafiti ulioitwa Sisonke, na kinga dhidi ya kifo ikakadiriwa kufikia asilimia 83. Watu sita kati ya mamilioni upande huu, asilimia 83 upande ule. Hesabu kama hiyo mtu wa kawaida anaiweza.

Anaiweza kama ana namba za pande zote mbili. Hapa ndipo nadhani tatizo letu lilipolala, kuliko kwenye uzushi, dini au elimu. Tanzania ilitangaza takwimu za wagonjwa mara ya mwisho mwanzoni mwa Mei 2020, zikiwa 509 na vifo 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Februari 2021 Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki baada ya chama chake cha ACT-Wazalendo kutangaza kwamba ana Uviko, na misiba mingi mitaani ilizikwa bila sababu kutajwa. Kwa hiyo ilipofika Julai, madhara ya chanjo yalikuwa yanamfikia mtu kwenye simu yake kwa picha, kwa sauti na kwa namba. Madhara ya ugonjwa yalikuwa yamefutwa. Ukimpa mtu hatari moja yenye namba na nyingine isiyo na namba, kisha ukamwambia achague, usishangae akiogopa ile aliyoonyeshwa.

Kenya inaitia doa hoja yangu, na ni haki niseme. Kule Wizara ya Afya ilitangaza idadi ya wagonjwa na vifo karibu kila siku, na bado walikuwepo waliogoma. Chama cha madaktari Wakatoliki nchini humo kilipinga chanjo hadharani, kikapendekeza kujifukiza na dawa ya hydroxychloroquine, wakati maaskofu wao walikuwa wameiunga mkono. Mwenyekiti wa chama hicho alifariki kwa Uviko Aprili 2021. Mashaka yale yalikuwa na mizizi ya zamani: mwaka 2014 maaskofu wenyewe walikuwa wamezozana na serikali kuhusu chanjo ya pepopunda, wakidai ina kitu cha kuzuia mimba, dai ambalo serikali, WHO na UNICEF walilikanusha. Takwimu hazimalizi mashaka. Ila humpa mwenye mashaka kitu cha kubishana nacho, na hiyo si faida ndogo.

Tena waliochanja nao walikuwa na manung’uniko ambayo hatukuyasikiliza. Mkono mzito, homa ya usiku mmoja, kichwa kugonga, hayo watu waliyavumilia. Kilichowaudhi ni kuugua baadaye. “Nilichoma, na bado imenikamata,” ilikuwa kauli ya kila kijiwe baada ya kirusi aina ya Omicron kuingia mwishoni mwa 2021. Kosa lilikuwa la wahamasishaji waliouza chanjo kama ukuta, wakati kazi yake kubwa ni kukuepusha na mashine ya oksijeni na kaburi. Tofauti hiyo ilielezeka kwa sentensi moja. Aliyeahidiwa kutougua kabisa alihesabu homa yake kuwa ushahidi kwamba wagomaji walisema kweli.

Wengine walichanja kwa sababu zisizohusiana na afya hata kidogo. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai, wanafunzi waliopata nafasi nje, ndugu zetu waliokuwa wanarudi kazini Oman ambako kuanzia Septemba 2021 asiyechanjwa hakuruhusiwa kuingia nchini, na mahujaji wa 2022: hao walihitaji cheti chenye alama ya kuskani. Nao waliona mengine. Julai 2021 hati ya chanjo ya Umoja wa Ulaya haikuitambua Covishield, chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India na kugawiwa kwetu Afrika, ingawa ile iliyotengenezwa Ulaya ilitambuliwa. Baada ya hapo, mtu akisema “wanatuletea ya daraja la pili”, unamjibu nini? Baadhi ya nchi zililegeza baadaye, lakini maneno yalikwishapita.

Je, ingelazimishwa? Kenya ilijaribu. Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiye na uthibitisho wa chanjo asipate huduma za serikali ana kwa ana. Kabla tarehe haijafika Mahakama Kuu ikasimamisha agizo hilo. Wanaotetea ulazima wana hoja: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza daladala nzima, kwa hiyo uamuzi wake si wake peke yake. Hoja hiyo ilidhoofu ilipoonekana kwamba aliyechanjwa naye anaambukiza. Tanzania ilibaki na hiari, na naona ilikuwa sahihi. Ilipokosea ni kwa Askofu Josephat Gwajima, wakati huo mbunge wa Kawe, aliyehubiri dhidi ya chanjo. Agosti 2021 Bunge lilimfungia mikutano miwili. Aliyetakiwa kujibiwa kwa hoja, moja baada ya nyingine, akaonekana anazibwa mdomo.

Mwanzoni mwa 2022 waliokamilisha chanjo nchini hawakufika asilimia tano. Wahudumu waliacha kusubiri hospitalini, wakaenda minadani, stendi, vilabuni, nyumba kwa nyumba, kwa mpango ulioitwa shirikishi na harakishi. Ndani ya muda wa mwaka mmoja hivi zaidi ya nusu ya watu wazima wakawa wamechanja. Kwangu huo ni ushahidi kwamba wengi tuliowaita wagomaji walikuwa watu wasio na nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Upande wa pili una jibu zito: wakati ule wengi walikwishaambukizwa, hofu ilikwishapungua, na wahudumu walikuwa na malengo ya kutimiza, kwa hiyo idadi ile haithibitishi kwamba watu waliamini, wala kwamba chanjo iliokoa maisha mengi kama ambayo ingeokoa ingewahi. Sehemu ya mwisho ya jibu hilo sina la kulipinga.

Januari 2025 WHO ilieleza kuwa kuna washukiwa wa Marburg, ugonjwa hatari wa virusi, mkoani Kagera. Wizara ya Afya ikasema vipimo havikuonyesha kitu. Tarehe 20 ya mwezi huohuo Rais Samia, akiwa na mkurugenzi mkuu wa WHO jijini Dodoma, akathibitisha kwamba upo. Ng’ambo ya mpaka, Rwanda ilikuwa imetangaza Marburg yake Septemba 2024, na siku chache baadaye ilikuwa inawachanja watumishi wake wa afya kwa chanjo iliyo kwenye majaribio. Kama Januari ile chanjo kama hiyo ingefika Biharamulo, muuguzi mwenye boksi la baridi angeulizwa kwanza: kati ya majibu mawili ya wiki ile, la Wizara na la Rais, tufuate lipi?