Safari si ya mbuga tu

Katika aya ya pili ya makala yenu, mwandishi amelieleza neno "safari" kana kwamba lilizaliwa na utalii wa mbugani. Hapana. Waingereza walilichukua kwetu katika karne ya 19, na sisi tulikwisha kulipokea kutoka Kiarabu, "safar", yaani mwendo wa kutoka mahali kwenda pengine. Wahindi nao wanasema "safar" kwa maana hiyohiyo. Maana ya magari na simba ni ya juzijuzi, na kwetu hata aendaye msibani yuko safarini.

Kilichonifurahisha zaidi ni Kituruki. Kwao "sefer" ni safari, na zamani hata jeshi likienda vitani lilikuwa kwenye "sefer". Lakini husema pia "bu sefer", yaani "mara hii". Na sisi je? "Safari hii hatukubali!" Tunalitamka kila siku bila mtu yeyote kufunga mizigo. Lugha mbili zilizo mbali hivi, na neno limepinda upande uleule!

Halafu kuna "musafir". Kwa Waarabu na Wahindi ni msafiri, lakini "misafir" wa Kituruki ni mgeni. Aliyekuwa njiani ameshabisha hodi. Kwetu ile mu- ya mwanzo imeingia kwenye ngeli ya M-WA kama iliyozaliwa humo: msafiri, wasafiri. Mhariri, naomba mrekebishe aya hiyo ya pili, maana wanafunzi wanasoma hapa na wataibeba kama ilivyo.