Wapenzi mnaotaka kuanza treili ndefu, anzeni na kipande kidogo

Mi na mume wangu huu ni mwaka wa nne tunatembea treili moja ndefu, yaani njia ya kutembea kwa miguu porini na milimani, kwa vipande, hata nusu hatujafika, na sijutii hata kilomita moja. Nimeamua kuandika hii kwasababu naona wapenzi wengi wanaingia kwa kishindo, wananunua mabegi makubwa, hema, buti mpya kabisa, wanachukua likizo ya wiki mbili, alafu siku ya tatu hawaongeleshani, mmoja miguu imejaa malengelenge na mwenzake kanuna sababu ratiba imevurugika. Wakirudi nyumbani wanasema haikingi, yaani kutembea huku, hatuiwezi. Mi nadhani kosa lao ni moja tu, kipande walichoanza nacho kilikuwa kikubwa mno.

Na mtu asiwaambie kwamba kutembea kwa vipande ni kutembea nusunusu. Appalachian Trail ya Marekani ina kama kilomita 3,500 na inapita majimbo 14, na wanaoisimamia wanamtambua aliyeimaliza kwa vipande sawasawa na aliyeitembea yote kwa mkupuo mmoja, hata kama imemchukua miaka 20. Njia ni ileile, vilima ni vilevile.

Sasa kipande kiwe na urefu gani? Hapa nina msimamo. Pimeni kwa mguu wa yule anayechoka haraka, na mpime kwa siku yake mbaya sio siku yake nzuri. Kuna kanuni ya zamani ya Mskoti mmoja, William Naismith, aliitoa mwaka 1892, kwamba hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, alafu ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Nzuri sana kwa kupanga, ila ile ni hesabu ya mtu mkakamavu asiyesimama kupumzika wala kupiga picha, kwahiyo sisi tukishapata jibu tunaongeza nusu yake juu. Kilomita 15 zenye mita 600 za kupanda, Naismith anakupa saa 4, sisi tunaandika 6, na mara nyingi ndo zinakuwa 6 kweli. Anzeni na siku moja bila kulala nje, mkiona mmerudi bado mna hamu, kinachofuata laleni usiku mmoja, baadae ndo mje kwenye siku tatu.

Kitu kinachogombanisha watu kuliko vyote ni mwendo. Mume wangu ana miguu mirefu, na miezi ya mwanzo alikuwa anatangulia, ananisubiri juu ya kilima, mi nikifika nahema yeye kashapumzika vya kutosha anainuka tunaendelea, yaani yeye anapumzika kila mara na mi sipumziki kabisa. Hakuwa na nia mbaya, hata hakuwa anajua, na mi nikawa nakaa kimya najikaza mpaka siku moja nikakaa chini katikati ya mwinuko nikalia. Toka siku hiyo mimi ndo natembea mbele. Anayekwenda polepole akiwa mbele ndo anaamua mwendo na anaamua kusimama, wa nyuma anafuata. Alikuja kuniambia mwenyewe kwamba sasa hivi anaona vitu ambavyo zamani alikuwa anavipita tu. Jaribuni hili kabla ya kununua kifaa chochote.

Mizigo nayo msigawane nusu kwa nusu eti ndo haki, gawaneni kwa uzito wa miili na nguvu za siku hiyo, mkumbuke lita moja ya maji ni kilo nzima kwahiyo anayebeba maji mengi asibebeshwe na hema pia. Vitu vya pamoja kama hema, jiko na chujio la maji gawaneni. Ila kuna vitu kila mtu lazima awe navyo kwenye begi lake mwenyewe: maji, taa, nguo ya joto, koti la mvua, filimbi na ramani, hata kama mnapendana vipi. Sisi tulipotezana kwenye njia panda, mimi nikiwa mbele nikakunja kushoto yeye alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu akaenda kulia, ramani na taa zote mbili anazo yeye, simu hazishiki mtandao, na jua linazama. Tulionana baada ya kama saa nzima na sitaki kuirudia ile saa. Tangu hapo sheria yetu ni kwamba kwenye kila njia panda aliye mbele anasimama, haendi hatua moja mpaka mwenzake afike waonane.

Kama mna gari, liacheni mwisho wa kipande, mtafute usafiri wa kuwarudisha mwanzo asubuhi, mtembee kuelekea kwenye gari lenu. Mkifanya kinyume mtatembea jioni mnakimbizana na basi huku mmechoka, na hapo maneno makali hayachelewi.

Malengelenge: ukihisi tu sehemu ya mguu inachoma, simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta. Usione aibu kumsimamisha mwenzio, dakika tano za sasa zinaokoa siku mbili za kuchechemea. Na kama mnabishana kuhusu kuendelea au kurudi, kwanza kaeni mle kitu ndo muamue, maana mara nyingi mabishano yetu ya saa tisa mchana yalikuwa njaa tu. Akisema mmoja turudi, mnarudi wote, bila kulaumiana njiani wala nyumbani. Njia haiendi popote.

Sisi kila tunapoishia tunapiga picha ya kitu ambacho hakitahama, jiwe kubwa, kibao, mti wenye alama, ili safari ijayo tuanzie palepale bila kuruka hata mita. Ya mwisho ni daraja dogo la mbao. Tulilifikia jioni, miguu bado ina nguvu, tungeweza kwenda kilomita nyingine nne, tukaangaliana tukasema basi, tuliache. Wiki mbili zimebaki turudi kulivuka.